Ndani ya dekoda yako kuna nani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mafundi, wenye hoteli na wenye nyumba za kupangisha wa Goma, watu ambao hawapitishi wiki bila kushika dekoda. Bei za abonema na vifurushi hazimo humu. Hizo muulize wakala. Hapa tunaongelea sanduku lenyewe: chipu ni ya nani, kufuli la kuzuia asiyelipa kalishika nani, programu kaiandika nani, na kwa nini hao watatu ndio wanaoamua kama dekoda itaonyesha picha au itabaki kopo.

Nembo iliyo usoni mwa dekoda ni ya kampuni iliyoitengeneza?

Mara nyingi sivyo. Nembo ya mbele ni ya anayekuuzia abonema. Igeuze usome kibandiko cha chini: hapo kuna jina la kiwanda (kwa mfano Sagemcom, Skyworth au Kaon), namba ya modeli, namba ya mfululizo na volti inazohitaji. Hata kiwanda hicho kwa kawaida hakikutengeneza chipu. Chipu imenunuliwa kwa kampuni nyingine, kufuli kwa ya tatu, na menyu unayoiona kwenye skrini pengine imeandikwa na ya nne.

Kwa hiyo dekoda mbili zenye nembo moja na umbo moja zinaweza kuwa na bodi tofauti kabisa. Fundi anayeagiza kipuri kwa kutazama nembo atapata kisichoingia. Agiza kwa namba ya modeli pamoja na namba ya toleo iliyochapwa kwenye bodi yenyewe.

Dekoda ya kebo, ya dishi na ya antena zinatofautiana wapi?

Mlangoni tu. Ya dishi hupokea DVB-S au DVB-S2 (DVB ni familia ya viwango vya televisheni ya dijitali) na hupandisha volti 13 au 18 kwenye waya kulisha kichwa cha dishi. Ya antena hupokea DVB-T au DVB-T2. Ya kebo hupokea DVB-C, na haitoi volti yoyote kwenye waya. Signali ikishaingia, kazi ni ileile: chipu inaitoa data kwenye mawimbi, inachambua chaneli uliyochagua, inaifungua kufuli, inaikunjua picha iliyobanwa kwa MPEG-2, H.264 au HEVC, kisha inaipeleka HDMI.

Hatari ipo kwenye hizo volti 18. Ukichomeka waya wa dishi kwenye kigawanyi cha kebo kisichopitisha umeme, kichwa cha dishi hakiwaki na utalaumu dekoda bure. Ukiichomeka dekoda ya dishi kwenye mtandao wa kebo wa hoteli, unasukuma volti 18 ndani ya amplifaya ambayo haikuzitarajia.

Chipu hizi zinatengenezwa na nani?

Kwa muda mrefu walioshindana kileleni walikuwa Broadcom ya Marekani, iliyoanzishwa 1991, na STMicroelectronics ya Ufaransa na Italia. Chini yao walikuwepo wengi waliomezana. Conexant iliuza kitengo chake cha dekoda kwa NXP mwaka 2008. NXP ikakipeleka Trident mwaka 2010. Trident ikafilisika 2012. STMicroelectronics yenyewe ilitangaza Januari 2016 kwamba inaondoka kwenye biashara hii. Kwa fundi, maana yake ni moja: ukifungua dekoda ya zamani ukakuta chipu inayoanza na herufi STi, usitegemee toleo jipya la programu.

Dekoda nafuu zinazofika kwetu zina chipu za ALi, Montage, MStar, Amlogic au HiSilicon. HiSilicon ni ya Huawei, na mwaka 2020 Marekani ilibana viwanda vinavyotumia teknolojia yake visiitengenezee chipu bila kibali. Viwanda vya dekoda vilivyoitegemea vililazimika kutafuta chipu nyingine. Hiyo ni sababu mojawapo ya sanduku lilelile kubadilika tumbo bila kubadilika sura.

Broadcom nayo ilibanwa, lakini upande mwingine. Oktoba 2019 Tume ya Ulaya iliiamuru isimamishe vipengele vya mikataba vilivyowafunga watengenezaji wa dekoda na modemu wanunue kwake peke yake, au karibu peke yake. Oktoba 2020 ahadi za kampuni hiyo zikafanywa kuwa sheria juu yake kwa miaka saba. Ukijiuliza kwa nini dekoda za bei ya juu zilifanana mno kwa ndani, anzia hapo.

Kwa nini kampuni kubwa kama Microsoft ziligombania kisanduku cha televisheni?

Kwa sababu kila sanduku hulipiwa ada ya programu, na masanduku ni mamilioni. Pia mwenye programu ndiye anayeamua mtazamaji aone nini kwanza akibonyeza rimoti.

Vita vyenyewe vilipiganwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990, kwenye kebo. Viwanda viwili vilikuwa vimeshika soko la masanduku: General Instrument na Scientific-Atlanta. Juu yao wakaja wauza programu. Mwaka 1997 Microsoft ilinunua WebTV, kampuni ya kuleta intaneti kwenye televisheni, kwa dola milioni 425 na kuweka dola bilioni 1 ndani ya kampuni ya kebo ya Comcast. Januari 1998 kampuni ya kebo ya TCI ilikubali kutumia Windows CE, Windows ndogo ya vifaa, katika masanduku yasiyopungua milioni 5. Mei 1999 Microsoft ikaweka dola bilioni 5 ndani ya AT&T, ambayo ilikuwa imeinunua TCI, na makubaliano ya Windows CE yakaongezwa.

Upande wa pili walikuwa OpenTV, mtoto wa Thomson na Sun, na Liberate, iliyotokana na Oracle.

Wahenga wanasema fahali wawili hawakai zizi moja. TCI iliwaingiza makusudi: katika mpango uleule wa masanduku iliitia Windows CE ya Microsoft na Java ya Sun, mahasimu wakubwa wa siku hizo. Wenye kebo walikuwa wameona yaliyowapata watengenezaji wa kompyuta, ambako mwenye programu alikula faida na mwenye sanduku akabaki na jasho. Hawakutaka bwana mmoja. Walipokea pesa za Microsoft kwa mkono huu, wakagawa oda kwa mkono ule.

Je, nani alishinda? Si waliotarajiwa. Liberate ilifika mahakama ya ufilisi 2004, na mali yake ya kebo ya Marekani Kaskazini ikanunuliwa 2005 na ubia wa Comcast na Cox. OpenTV ilimezwa na Kudelski ya Uswisi mwaka 2010. General Instrument ilinunuliwa na Motorola mwaka 2000, ikapitia mikononi mwa Google, ikauzwa kwa Arris 2013. Scientific-Atlanta ilinunuliwa na Cisco kwa dola bilioni 6.9, kisha Cisco ikauza biashara ya masanduku kwa Technicolor mwaka 2015. Wenye kebo wenyewe wakaandika programu yao, RDK, wanayoigawana wao kwa wao. Wengine wakahamia Android TV. Aliyebaki na kipato ni mwenye chipu aliyesalia, kama Broadcom, na mwenye kufuli.

Kufuli ni nini hasa, na ni la nani?

Ni mfumo wa kusimba picha ili aliyelipa tu aione. Majina utakayokutana nayo ni Nagra ya Kudelski, Irdeto, Viaccess, Conax (iliyonunuliwa na Kudelski 2014), na NDS, ambayo Cisco iliinunua 2012 na leo inaitwa Synamedia.

Linavyofanya kazi: picha inasimbwa kwa ufunguo unaobadilika kila sekunde 10 hivi. Ufunguo huo unasafiri pamoja na picha, ukiwa umefungwa. Kadi, au sehemu maalumu ndani ya chipu kama dekoda haina kadi, inaufungua ikiwa tu ina haki iliyo hai. Haki hiyo huja hewani au kwenye kebo kama ujumbe ulioandikiwa namba ya kadi yako.

Kutokana na hilo kuna kosa linalojirudia kila mwezi: mtu analipa abonema dekoda ikiwa imezimwa, anaiwasha kesho, skrini bado inadai malipo, anakimbilia kwa fundi. Ujumbe wa haki unarudiwa, lakini lazima ukute dekoda imewaka. Iache kwenye chaneli iliyo ndani ya kifurushi chako kwa dakika 30 kabla ya kupiga simu. Kusubiri huku hakuna malipo ya fundi, labda ndiyo sababu hakuna anayekuambia.

Nikihamisha kadi kwenye dekoda nyingine ya kampuni ileile, kwa nini inakataa?

Kadi imeozeshwa dekoda moja. Mawasiliano kati yao yanafungwa kwa siri iliyochomwa ndani ya chipu kiwandani, isiyofutika. Wakala anaweza kuomba ioanishwe upya. Mpe namba zote mbili, ya kadi na ya dekoda. Kusugua kadi kwa kifutio cha penseli kunasaidia tu kama vidoti vya dhahabu vimechafuka, na hapo ujumbe wa skrini huwa ni "kadi haisomeki", si "kadi si ya dekoda hii".

Naweza kubadilisha programu ili dekoda ya kampuni moja ipokee nyingine?

Hapana, hata kama chipu ni ileile. Chipu ikiwaka, jambo la kwanza inalofanya ni kukagua sahihi ya programu kwa ufunguo uliochomwa ndani yake. Sahihi isipolingana, inasimama hapo hapo, na taa nyekundu. Aliyejaribu kuandika kumbukumbu ya bodi kwa mashine anarudi na kopo.

Na zile dekoda zinazouzwa kuwa "zinafungua zote"?

Nyingi zinavuta funguo za watu wengine kupitia intaneti. Ni wizi, na kiufundi ni nyumba ya mchanga: ufunguo ukichelewa kuliko zile sekunde 10, picha inaganda. Kwa intaneti ya simu inayoyumba jioni, utaona mpira ukipigwa na hutaona ukiingia golini. Siku wenye kufuli wakibadilisha toleo, muuzaji hapatikani.

Nina hoteli ya vyumba 24. Ninunue dekoda 24 au niweke kebo?

Kwanza ongea na kampuni ya televisheni kuhusu mkataba wa hoteli. Abonema ya nyumbani hairuhusu kugawa vyumbani. Isitoshe, HDMI ya dekoda ya nyumbani ina ulinzi wa HDCP dhidi ya kunakili, na modulata halali (kifaa kinachogeuza picha kuwa signali ya kebo) itakataa kuisoma. Kampuni hutoa vipokezi vya kitaalamu kwa kazi hii.

Ukishapata, hesabu ni hii. Masafa moja ya DVB-C yenye upana wa 8 MHz, kwa 64-QAM (namna ya kupakia data kwenye mawimbi) na kasi ya simboli milioni 6.875 kwa sekunde, hubeba takriban megabiti 38 kwa sekunde. Chaneli ya HD iliyobanwa vizuri kwa H.264 ipe megabiti 8: zinaingia nne. Chaneli 12 zinataka masafa matatu. Angalia runinga za vyumbani kama zina DVB-C kwenye menyu ya kutafuta chaneli. Zisipokuwa nayo, chagua modulata ya DVB-T ambayo runinga nyingi za sasa zinaijua, lakini hapo hutapata zaidi ya megabiti 31 na kitu, yaani chaneli tatu kwa masafa.

Sasa waya. Lengo ni 60 hadi 75 dBµV (kipimo cha nguvu ya signali) kwenye soketi ya kila chumba. Tuseme ghorofa tatu, vyumba nane kila moja, amplifaya inatoa 100 dBµV, waya RG-6 unaopoteza karibu 19 dB kwa mita 100 kwenye masafa ya juu. Kwa chumba cha mbali kabisa:

- kigawanyi cha njia nne (moja imezibwa kwa ohmu 75): 8 dB
- mita 30 hadi ghorofa ya juu: 6 dB
- kigawanyi cha njia nane: 12 dB
- mita 20 hadi chumbani: 4 dB
- soketi: 1 dB

Jumla 31, inabaki 69. Safi. Chumba kilicho jirani na amplifaya kinapoteza 23 tu na kupata 77, ambayo imezidi kidogo. Weka kipunguzi cha 6 dB kwenye njia ya ghorofa hiyo. Wengi hufanya kinyume: wakiona chumba cha mbali kimekwama wanapandisha amplifaya hadi mwisho, inapiga kelele zake yenyewe, na sasa vyumba vyote vinakatika.

Njia ya kigawanyi isiyotumika izibwe daima. Kuiacha wazi ni kurudisha mawimbi nyuma, na picha itaharibika kwenye chumba ambacho hukukigusa.

Chaneli chache tu zinakatika, nyingine nzima. Tatizo ni dekoda?

Mara nyingi siyo. Andika majina ya chaneli zinazokatika, ufungue ukurasa wa taarifa za signali uone masafa yake. Kama zote zimo kwenye masafa moja, dekoda iache. Tazama MER, kipimo cha usafi wa signali: kwa 64-QAM chini ya 26 dB ni matatizo, juu ya 30 umetulia, kwa 256-QAM taka zaidi ya 32.

Masafa yanayoathirika yakiwa kati ya 791 na 862 MHz, shuku mnara wa simu. Mitandao ya 4G mahali pengi hutumia eneo hilo, na kiunganishi cha F kilichosokotwa kwa mkono bila kubanwa kinakuwa antena. Fungua, kata upya, hakikisha nyuzi za shaba za nje hazigusi waya wa katikati. Unywele mmoja tu wa shaba unatosha kuua chaneli nne.

Dekoda imewaka taa nyekundu na haiendi mbele.

Anza nje. Pima adapta kwa multimita: inayoandikwa 12 V isome kati ya 11.8 na 12.6. Kisha ipime tena ikiwa imeunganishwa na dekoda. Ikishuka hadi 9 au 10, adapta imechoka, hata kama peke yake ilisoma 12 kamili. Mpya iwe na volti zilezile, ampea sawa au zaidi, na chanya katikati kama mchoro wa kibandiko unavyoonyesha.

Adapta nzima? Chomoa waya wa dishi uwashe tena. Ikiwaka, waya au kichwa cha dishi kina shoti. Isipowaka, fungua utazame kapasita karibu na tundu la umeme: iliyovimba kichwa imekufa. Weka yenye µF zilezile na volti sawa au zaidi, ya kuhimili nyuzi joto 105. Kama dekoda ilizimika katikati ya kusasisha programu, shida iko kwenye kumbukumbu na kapasita haziponyi. Jaribu kuwasha huku umebonyeza kitufe cha mbele, modeli nyingi hapo huingia kwenye hali ya kupakua upya.

Umeme ukikatika, naweza kuiwasha moja kwa moja kwenye betri ya sola?

Usifanye hivyo bila kigeuzi. Betri inayoitwa ya volti 12 hufika 14.4 ikichajiwa na hushuka 11 ikiisha. Tumia kigeuzi cha DC kinachopandisha na kushusha, kitoe 12 thabiti. Betri ya 12 V 7 Ah ina watt-saa 84. Tumia nusu tu ili isife mapema. Dekoda ya wati 10 itakaa saa nne. Runinga ihesabie betri yake.

Radi inaua dekoda kila msimu wa mvua. Nifanyeje?

Tunaishi pabaya kwa hili. Utafiti uliotumia vipimo vya setilaiti vya NASA, uliochapishwa 2016, ulikuta Kabare, jirani na Bukavu, ni ya pili duniani: zaidi ya miale 205 kwa kilomita ya mraba kwa mwaka, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela tu.

Unganisha mlingoti wa dishi na ardhi kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 16, na ngozi za waya zote za kebo zikutane kwenye bamba moja kwa waya wa 4. Shida ya Goma ni lava: fimbo ya ardhi haiingii. Chimba mtaro kuzunguka jengo, hata wa sentimita 50, ulaze shaba tupu mita 20 au zaidi, uizike kwa udongo laini ulioletwa, si kwa kokoto za lava ambazo hazishiki maji. Bentonaiti (udongo wa mfinyanzi unaoshika maji) ikipatikana, bora zaidi. Usitie chumvi, inapunguza ukinzani mwaka huu na kula shaba mwaka ujao. Lenga ohmu 10 au chini.

Mvua ikianza kunguruma, chomoa umeme na waya wa dishi, vyote viwili.

Ndugu yangu wa Marekani ananiletea dekoda za kebo za mtumba. Zitafaa hotelini?

Mwambie mizigo yake aijaze vitu vingine. Kebo ya Marekani hutumia QAM ya aina yake, kiambatisho B cha kiwango cha J.83, kwenye masafa ya upana wa 6 MHz. Modulata zinazouzwa huku ni za kiambatisho A na 8 MHz. Adapta zake nyingine ni za volti 120 pekee na zitalipuka kwenye 220. Na zikiwaka, zitasubiri ujumbe wa haki kutoka kwa kampuni ya Marekani isiyojua kama Goma ipo.

Za Ulaya zinafanana nasi kwa mawimbi, lakini kufuli na sahihi ya programu ni za kampuni ya kule. Kinachofaa kutoka mtumba wa Ulaya ni vigawanyi, amplifaya na vipimo vya signali. Hivyo havina kufuli.